Mwezi Aliouona Nadir

Nadir alikuwa mwanamume wa kutazamwa, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Jumamosi ile alisimama Darajani mbele ya duka la mitumba, shati la kitani, miwani ya jua utosini, akijitazama katika kioo cha darubini kuukuu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii Mji Mkongwe na kuwadanganya umri wa milango.

"Unainunua?" aliuliza Zeyana, mwalimu wa Jang'ombe, baibui jeusi, mkoba umejaa skafu za skauti. "Nnataka kuwaonesha skauti wangu nyota."

"Nshainunua. Na nyota, bibi wee, nnazijua kwa majina ya mama zao."

Zeyana akacheka. Wanaume wa namna hii ukiwapa kicheko hudhani wamepewa nyumba.

Wakapeana namba, na simu zikaanza siku ile ile.

"Umekula, roho yangu?"

"Nshakula. Na wewe, ushasoma hizo nyota?"

"Nisome nini? Mimi msomi tokea tumboni!"

Zeyana alimpenda, masikini, kweli kweli. Posa ya Nadir ilikuwa ije kwao Idi pili.

Usiku wa nyota waliuweka mwezi ishirini na tisa Shaabani, juu ya paa la skuli, waanze magharibi kwa kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Nadir alikuja na kanzu mpya na udi wa kukohoza watu. Zeyana aliposhuka kuchukua maji, bwana msomi akaielekeza darubini mashariki. Mashariki! Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua mwezi mchanga huonekana linakotua jua.

"Ule! Umeandama!" akapaza sauti Nadir.

Borafya, skauti wa miaka tisa, akatimka mitaani akipiga kelele. Bi Mwanakheir, jirani, akabandika sufuria ya daku. Zeyana aliporudi akachungulia: taa ya mnara wa simu, nusu imezibwa na kuti la mnazi.

"Nadir, hii taa."

"Usinidhalilishe mbele ya watoto," alinong'ona, akafunga darubini yake na kuondoka.

Redio ikatangaza mwezi haukuonekana. Kesho yake mtaa mzima ulimwita Borafya muongo.

Siku ya tatu Nadir akapiga simu, sauti imepakwa asali.

"Bado umenuna, roho yangu?"

"Borafya karudisha skafu yake. Kasema skauti hasemi uongo, na yeye kasema. Njoo kesho alasiri uwaambie watoto wenzake kwamba aliyekosea ni wewe."

"Mimi? Nikawaombe radhi watoto? Mwanamme mzima!"

"Nnakupenda, Nadir. Nnataka maneno mawili tu kutoka kwako."

"Watoto watasahau, mpenzi."

Zeyana alilia kimya, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Hawatosahau. Mimi ndiye ntakaejitahidi kusahau."

Akakata simu, akaenda jikoni kumwambia mama yake kwamba Idi hii hawatokuwa na wageni.