Mwanamke wa Kioo cha Juu

Nyaguthii hakuwa amempiga picha mwanamke yeyote nyumbani kwake. Kwa hivyo alipoitoa filamu kwenye dawa, akaianika bafuni na kuiinamia dirishani, alidhani macho yamemchezea. Kati ya bibi harusi wa Jumamosi na wazee wa kanisa kulikuwa na picha moja ya sebule yake mwenyewe. Kochi lake, pazia lake. Na juu ya kochi alikaa mwanamke aliyeipa kamera mgongo, nywele zimemwagika hadi kiunoni.

Nyumba hiyo ya kupanga, hapa Kitengela, ilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja wake, mwingine wa mumewe, Wakhungu.

Kamera yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya macho mawili: jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Mtu haiweki usoni. Huishika tumboni, akafungua kifuniko cha juu na kuinama, na humo ndani kioo kilicholazwa mshazari humrushia picha kwenye bapa dogo la kioo chenye ukungu. Wakhungu ndiye aliyemletea zawadi, na wateja wa harusi waliipenda kufa. Nyaguthii aliitunza kama mtoto mchanga. Aliipuliza vumbi, akazifuta lenzi kwa kitambaa laini, akatia tone la mafuta kwenye mkono wa kuzungushia filamu pale ulipoanza kukwama.

Hakumwuliza mumewe kitu. Alianza kumchunguza.

Wakhungu alikuwa akitoka kazini mapema siku zile Nyaguthii alizokwenda kuonana na wateja. Alikuwa amekonda. Mezani aliuacha ugali ukapoa, shingo imeinama, kama mtu anayesoma kitu kilicho mapajani mwake. Na nyumba ilikuwa na harufu. Si manukato; hayo angalau angeyaelewa. Ilikuwa harufu ya udongo ulionyeshewa sasa hivi, na Kitengela nzima ilikuwa haijaona tone la mvua tangu mwanzo wa mwaka.

"Hii kamera ulisema ulinunua kwa nani?" akamwuliza siku moja, kama anayepitisha muda.

"Si nilikuambia? Kwa Morgan wa kazini."

Nyaguthii akampigia Morgan simu. Morgan akacheka. Yeye na kamera wapi na wapi?

Hapo akawa na hakika kuna mwanamke. Asubuhi moja ambayo Wakhungu hakwenda kazini, Nyaguthii aliaga kwamba anaenda kuonana na wateja Matasia, akaiacha kamera mezani, akazunguka mtaa, akarudi kwa mlango wa nyuma polepole. Kutoka sebuleni alisikia mlio anaoujua: krrr, filamu ikizungushwa. Kisha sauti ya mumewe, ya chini, laini, ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia tangu wachumbiane.

"Geuka kidogo. Nikuone."

Alipoingia kwa kishindo, Wakhungu alikuwa peke yake. Kamera ilikuwa mezani, kifuniko wazi, naye amekiinamia. Akaruka kama aliyemwagiwa maji moto, akachukua koti na kutoka.

Nyaguthii alisaka chumba cha kulala, bafu, hata nyuma ya pazia. Hakukuwa na mtu. Ndipo akarudi mezani, akainama juu ya kamera.

Kochi lilikuwa tupu. Kwenye kioo halikuwa tupu. Yule mwanamke alikuwa amekaa pale pale, mgongo wazi, nywele hadi kiunoni. Nyaguthii akatazama kochi: hakuna. Akatazama kioo: yupo. Akaishika kamera, akaigeuza taratibu kuelekea mlangoni. Kochi likateleza likatoka kwenye kioo, ukuta ukateleza, pazia likateleza, na mlango ukaingia mahali pao. Yule mwanamke hakuteleza. Alibaki katikati ya kioo, amekaa hewani, na Nyaguthii akaelewa kwamba mwanamke huyo hakuwa mbele ya kamera hata kidogo bali ndani yake, chini tu ya bapa alilokuwa akipumulia, na kwamba pumzi yake ilikuwa imemfikia, maana zile nywele zilitikisika, bega likainuka, na kichwa kikaanza kugeuka, si kando, bali juu, juu, kuelekea usoni pake.

Akakifunga kifuniko kwa kofi.

Jioni Wakhungu alikiri bila kubishana. "Niliinunua Bisil, siku nilienda kutafuta mbuzi. Kuna mama anaitwa Soila, nyuma ya soko la mifugo. Nilidanganya kwa sababu nilimwona kabla hata sijailipia."

"Na ni nani?"

"Sijui. Hajawahi kuniambia jina." Akainua macho, na macho yalikuwa ya mtu mwenye njaa. "Lakini ananijua, Nyaguthii. Ananijua kuliko wewe."

Kesho yake Nyaguthii alikuwa Bisil. Soila alikuwa mama mzee mwenye shanga shingoni, amekaa kivulini mwa duka lililofungwa.

"Takwenya, koko," Nyaguthii akamwamkia bibi huyo kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu Soila. Akaona begi la kamera, akaacha kutabasamu. "Imerudi?"

Marehemu mume wake Soila alikuwa akipiga picha hapo sokoni, wachungaji na ng'ombe wao. Kiangazi kimoja alimpiga picha mwanamke aliyesimama kisimani peke yake, bila kumwomba ruhusa. Tangu siku hiyo hakumwangalia mtu mwingine. Alikufa ameketi, shingo imeinama juu ya kamera.

"Na ukaiuza kwa mume wa mtu!" Nyaguthii alipaza sauti. "Kwa nini hukuivunja?"

"Niivunje atoke aende wapi? Hapa ni kwangu." Soila alitazama chini. "Nilikosea, mtoto wangu. Niliogopa. Sikia. Kile kioo cha ndani, kile kimelala, ndicho kitanda chake. Kitoe mchana, jua likiwa juu. Kifunge na nyasi mbichi umetia maziwa, kifukie kikiangalia chini. Na bwana yako asijue ni wapi. Hata akilia."

Nyaguthii alikuwa mtu wa kanisa, na nyasi na maziwa havikumkaa vizuri. Lakini alikuwa ameomba usiku kucha na ile harufu haikuondoka.

Adhuhuri iliyofuata, Wakhungu akiwa kazini, alifunga mlango kwa komeo na kuanza kulegeza skrubu za kifuniko. Mkono wa filamu ukaanza kujizungusha wenyewe, krrr, krrr. Akaendelea. Alipoinua bapa la kioo, harufu ya udongo mbichi ilipanda kama mtu amefungua kaburi, na papo hapo mlango ukagongwa.

"Nyaguthii, fungua." Ilikuwa sauti ya Wakhungu, anahema. "Fungua, tafadhali. Anasema unamuumiza."

Nyaguthii aliingiza kibanio chini ya ukingo wa kioo. Wakhungu aligonga, akapiga teke, akalia kwa kwikwi kama mtoto, akimwita mkewe kwa majina yote ya mapenzi aliyowahi kumpa, na Nyaguthii akiyasikia alitokwa na machozi pia, kwa kuwa hakujua tena kama ni yeye au ni yule mwanamke anayeitwa, lakini vidole havikuacha kuvuta hadi kioo kikang'oka na kuanguka kwenye nyasi zenye maziwa, kifudifudi. Kelele za mlangoni zikakatika.

Alitokea mlango wa nyuma. Pikipiki ilimbeba hadi nyikani kuelekea Kisaju, na baada ya hapo alitembea kwa miguu, peke yake. Alichimba, akafukia, akapanga mawe juu. Hakumwambia mtu.

Wakhungu alipona. Alinenepa, akaanza kucheka na majirani, akarudi kanisani. Nyaguthii alitia kioo kipya kwenye kamera, akaijaribu siku nyingi, na kila picha ilitoka na watu waliokuwapo tu. Mumewe hakuwahi kumwuliza alichofanya na kile cha zamani. Jambo hilo lilimsumbua kidogo, kisha akajifunza kulishukuru.

Siku moja baada ya ibada Wakhungu alimshika mkono, macho yanang'aa.

"Twende nikuonyeshe kitu. Nilitaka iwe sapraizi. Nimetupatia ploti."

Waliteremka barabara ya Namanga kuelekea Kisaju, wakakata kushoto kwenye nyika ambako vigingi vipya vya mpaka vilikuwa vimechomekwa. Wakhungu alitembea mbele kwa haraka, bila kutazama huku wala huku, kama mtu anayeitwa. Akasimama kando ya mawe yaliyopangwa kwa mkono.

"Tutajenga nyumba ndogo tu," akasema, huku akiyasukuma mawe pembeni kwa kiatu, moja baada ya jingine, kwa upole. "Sebule itakuwa hapa."