Mjumbe wa Kumi

Kamati ilikuwa na wajumbe tisa. Karani aliita majina tisa. Waliojibu "nipo" walikuwa kumi.

Maren Kjelstad aliirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena huku akihesabu kwa vidole. Sauti ya kumi ilikuwa ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyekisogelea mno kipaza sauti. Akavua hedifoni.

"Dada Verdell, hebu njoo usikie. Kuna mtu wa ziada huku."

"Kanda ya mwaka sabini na tatu hiyo, mdogo wangu," Verdell Stensrud alijibu bila kuinua macho. "Zimechakaa, zinasema hovyo. Fanya kazi."

Walikuwa chumba cha chini, katika ofisi ya Orrin Brandvold hapa Saint Paul, mwezi wa Januari, theluji imeziba nusu ya dirisha. Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuchimba. Sheria ya jimbo ikiwa na neno lenye utata, mawakili huja kuuliza waliotunga walikusudia nini, na mtafiti huzama kwenye miswada, masahihisho na kanda za kamati mpaka aibuke na jibu. Safari hii neno lilikuwa "mkazi". Sheria ilimtaka mwenye ardhi ampe mkazi notisi ya mwaka mzima kabla ya kumwondoa. Familia arobaini na moja zilikuwa zinaishi kwenye nyumba za kuvutwa na gari, nyumba zao wenyewe, juu ya ardhi ya kukodi. Mwenye ardhi aliwapa siku thelathini, barafu ikiwa ya kuvunja shoka, akidai mwenye nyumba yake si mkazi, ni mtu aliyeegesha mali tu. Jaji alitaka ushahidi ndani ya wiki mbili.

Kwa miaka ishirini na sita swali kama hilo lingepelekwa kwa Verdell. "Mpeni Verdell, ana pua ya mbwa," mawakili walikuwa wakisema, naye alijifanya hasikii huku moyo ukimpanda. Kisha akaja Maren, binti wa kucheka na kila mtu, na katika miezi mitatu akapata barua ya seneta ambayo Verdell alishaandika kwa mkono wake kwamba haipo. Siku ile Orrin alileta keki. Verdell alikula kipande chake chote akisema, "Hongera, mwanangu," na kila tonge lilimshuka kama kokoto. Tangu hapo, akisikia kile kicheko kwenye ngazi, kitu kilimkaba chini ya mbavu. Hakumwambia mtu. Kwetu huku nyumba ikiwaka moto tunasema "si vibaya sana".

Alhamisi, saa sita mchana, Maren aliruka kitini.

"Nimelipata! Kanda ya pili! Wanamuuliza mwenye mswada mkazi ni nani, anasema, 'Ni yeyote anayelaza kichwa pale, paa liwe lake au la mwenzake.' Dada Verdell, wamepona wote!"

"Umemwambia bosi?"

"Yuko mahakamani, nitamwambia kesho. Acha nikale kwanza, tumbo linaniimbia."

Akapanda ngazi mbili mbili. Daftari akaliacha mezani.

Verdell alivaa hedifoni zikiwa bado na joto la masikio ya mwenzake, akajiambia anahakikisha tu. Maneno ya mwenye mswada yalikuwepo, wazi kama kengele. Ndipo aliposikia harufu: nywele zilizoungua, na chini yake marashi ya maua yaliyochacha.

"Kuna hoja nyingine?" mwenyekiti aliuliza kwenye kanda.

"Ipo," ikasema sauti ya kumi. "Natoa hoja kwamba binti asisikie tena, na kila alichosikia kiwe cha Verdell."

Karatasi zilipekuliwa. Mtu akakohoa. Verdell alitaka kuzima mashine lakini mkono wake ulibaki juu ya kitufe bila kubonyeza, kwa sababu alikuwa anaiona ile keki, na mikono ya Orrin ikipiga makofi, na uso wa yule binti uking'aa kwa sifa ambazo hazikumgharimu hata usiku mmoja wa usingizi, na mwenyekiti aliposema, "Wanaokubali waseme ndiyo," midomo ya Verdell ilijongea yenyewe, bila sauti, ikasema.

Ijumaa asubuhi walimkuta Maren ameketi kwenye ngazi, viganja masikioni, akipiga kelele kwa vile hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Mbona hamsemi? Mbona mnachezesha midomo tu?"

Madaktari walisema masikio ni mazima, hawaoni kitu. Verdell alichana ule ukurasa wa daftari, akaandika ripoti, akatia sahihi yake.

"Pua haizeeki!" Orrin alishangilia, akamkumbatia.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu hadi Jumatatu, aliposhuka kuandika, kwa ajili ya jaji, yale maneno yanasikika dakika ya ngapi ya kanda. Alisahau kuisimamisha kanda, ikaenda mpaka kwenye kura. Katikati ya zile ndiyo za wanaume ilikuwepo ya mwanamke, si ya kunong'ona, bali ya kifua kizima, na ilikuwa sauti yake yeye Verdell, imerekodiwa katika mwaka ambao alikuwa bado anauza viatu kule Duluth.

"Hoja ya pili," ikasema sauti ya kumi. "Joyce, dada yake Verdell, mwenye wajukuu watano."

Alizitupa hedifoni sakafuni, lakini sauti haikubaki huko. Ilikuwa sasa chini ya mbavu zake, palepale palipokuwa pakikaba, ikisoma polepole kama anayesoma orodha ya mahudhurio: Joyce na wajukuu wake, jirani na mume wake anayemfungulia mlango wa gari, mwimbaji wa kwanza kanisani, kila mtu ambaye Verdell aliwahi kumtazama kwa jicho baya akasema "si vibaya sana", na kila jina lilipotajwa ulimi wake ulijiinua kutafuta ile ndiyo, ulijiinua kama wa mlevi anayetafuta glasi, mpaka akajisokomeza skafu mdomoni, akaing'ata, akapanda ngazi kwa magoti.

Kwenye kumbukumbu za kikao palikuwa na jina la karani: Thelma Quist. Alikuwa hai, ana miaka themanini na minane, kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mto. Verdell alimkuta akicheza karata peke yake na kujidanganya, akamsimulia yote.

"Waliitikia kumi?" Bi Thelma aliuliza. Karata zikamponyoka. "Huyo ni Ardis Fenske, mpiga chapa wetu. Mswada ule aliutunga yeye, neno kwa neno, wakubwa wakatia majina yao. Nikamwambia, 'Ardis, lalamika.' Akasema, 'Mimi sina neno.' Akakaa na hiyo 'sina neno' mpaka ikamla. Alikufa mwezi wa tatu, kikao hakijaisha."

"Kwa hiyo ni mzimu wake."

"Ardis alikuwa na huruma, mama. Hicho si Ardis. Hicho ndicho kilichomla." Akamkazia macho. "Ulipiga kura gani?"

Verdell aliangalia viatu vyake. "Ndiyo."

"Basi bado kuna njia. Kwa kanuni zetu, uamuzi uliokwisha kupita, wa kuomba ufikiriwe upya ni mmoja wa waliosema ndiyo. Mimi siwezi. Mchungaji wako hawezi. Ni wewe tu. Na sababu uitaje kwa mdomo wako, mbele ya uliyemdhuru."

Kesho yake mchana Orrin na Verdell walimshusha Bi Thelma na kiti chake cha magurudumu. Maren alikaa kwenye meza yake, amekonda, anatazama midomo ya watu. Verdell akaweka kanda, akaifungulia sauti chumba kizima. Ilipofika kwenye kura, ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa mpaka Orrin akaziba pua.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Verdell akaiambia mashine. "Nilisema ndiyo. Naomba kura irudiwe."

Kanda ilikuwa inazunguka. Mwenyekiti, aliyezikwa miaka mingi iliyopita, akanyamaza katikati ya neno. Kisha akauliza, "Kwa sababu gani?"

Pumzi ya moto ikamgusa Verdell sikioni. *Sema ulikosea kusikia. Nani atajua? Pua ni yako. Watakupa keki.*

Verdell alimgeukia Maren. "Kwa sababu nilikuonea kijicho," akasema, taratibu, midomo ionekane. "Uligundua wewe, nikaandika jina langu. Nilitaka uwe kiziwi. Nilitaka hivyo kweli."

Orrin alishika ukuta. Maren hakupepesa macho.

"Wasiokubali waseme la," mwenyekiti akasema.

"La!" Verdell akapaza sauti, na kitu kikang'oka chini ya mbavu zake kama jino lenye mizizi mirefu, akaanguka, na kioo cha dirisha kilichobaki juu ya theluji kikapasuka kutoka ndani kwenda nje.

Maren aliinua kichwa. Upepo ulikuwa unalia dirishani, naye alikuwa anausikia.

Ripoti ilikwenda kwa jaji na jina la Maren. Familia zote zikabaki. Jioni ya hukumu Verdell alimfuata kumpongeza.

"Asante kwa kusema ukweli," Maren akamjibu. "Sitakusamehe leo. Pengine siku nyingine. Tafadhali usikae nyuma yangu."

Verdell aliacha kazi, lakini wivu haukuacha kuja, maana wivu haukuwa wa Ardis, ulikuwa wake. Alichobadilisha ni kimoja: hauachi tena ukae ndani kimya. Wengi wetu tumemwona, kwenye foleni ya posta, au kwenye chakula cha pamoja kanisani mtu akisifiwa kwa mkate wake. Bibi huyo husimama ghafla, akasema kwa sauti ya kusikika, "Naona wivu." Watoto hucheka. Yeye hacheki. Hubaki ameshika pumzi, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama kuna atakayeitikia kutoka chini ya mbavu zake.