Uongo wa Agosti

Kila siku ya shule, kabla jua halijatokeza nyuma ya kiwanda cha kuku, Mjomba Cleophus Yarbrough alisimamisha gari lake la mizigo mbele ya nyumba ya dada yake Verlene, akapiga honi mara moja. Ndani, Jarvell Stallworth, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa bado anakwangua bakuli la uji mzito wa mahindi, kamba za viatu hajafunga.

"Unamchelewesha mjomba wako!" mama yake alimkaripia. "Ana miguu chungu nzima ya kufunga kabla ya kengele."

Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Mjomba Cleophus alikuwa mtabibu wa timu katika shule ya Jarvell, mjini Tallow Creek, Alabama. Alizungushia plasta vifundo vya miguu vya wachezaji, alijaza mapipa ya maji, aliweka barafu kwenye magoti yaliyovimba. Kwetu ukisema mpira, ni ule wa kubebwa mikononi, wa helmeti na mabega ya plastiki, ambao watoto hugongana kama malori. Alifanya kazi yote hiyo akichechemea.

Hapa lazima niseme jambo, maana mji huu ni hodari wa kusahau. Mimi sijasahau. Cleophus alikichezea chuo kikuu misimu minne, jezi namba arobaini na nne. Watu elfu themanini walisimama wakiliita jina lake. Jezi hiyo iliuzwa madukani na yeye hakupewa hata soksi. Alitaka kusomea ualimu wa sayansi. Wakamwambia vipindi vya maabara vinaingiliana na mazoezi, wakampangia masomo ya kujaza ratiba tu. Msimu wa nne goti lilipovunjika, timu za kulipwa zilimpa kisogo, na chuo kikamuaga bila shahada. Chuo kilijenga ukumbi mpya wa mazoezi. Cleophus alirudi nyumbani na mfuko wa barafu.

Kwa miaka kumi na mmoja alitundika kuku hai kwenye ndoano za kiwanda. Waliomshangilia walimkuta langoni, wakamwuliza, "Cleo, ile mbio yako ya fainali, unaikumbuka?" Hakuna aliyeuliza kuhusu goti. Alipofika miaka thelathini na mitatu alirudi darasani kwa nguvu zake mwenyewe, akasomea utabibu wa wanamichezo, akapata shahada yake, akarudi pembeni mwa uwanja. Safari hii hakurudi ili ashangiliwe.

Sasa, kila Agosti, kabla ya msimu kuanza, wachezaji hupimwa akili kwenye kompyuta za maktaba. Wanaonyeshwa maneno kumi na mawili, kisha wanatakiwa kuyakumbuka. Alama zinahifadhiwa. Mchezaji akigongwa kichwa anapimwa upya, na akishuka chini ya alama zake za Agosti, hachezi mpaka apone.

Mwaka huo, Jarvell alipoketi mbele ya kompyuta, Rodarius, beki mwenye mwili kama kabati, alimwinamia sikioni.

"Wewe dogo, usijifanye profesa hapa. Feli."

"Nifeli kwa nini?"

"Ukifeli leo, hata ukigongwa na treni, mashine itasema uko vilevile. Sote tunafanya hivyo. Unafikiri Kocha Tidmore hajui? Mwenyewe katuambia tusijichoshe sana."

Wavulana wakacheka kwa chini. Jarvell aliyakumbuka maneno yote kumi na mawili. Akaandika matano.

Ilipofika Oktoba, siku ya Jumanne, kwenye mazoezi, kocha aliwapanga wawili wawili wakimbie wakutane kichwa kwa kichwa. Jarvell alikutana na Rodarius. Alisikia mlio kama sufuria kudondoka, kisha akajikuta amelala chali, anatazama makocha wawili, wote wakiwa Tidmore.

"Inuka, Stallworth! Nyasi si kitanda!"

Aliinuka. Baadaye alitapika nyuma ya jukwaa la watazamaji, akafuta mdomo kwa mkono wa jezi. Rodarius alimwona.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Ukisema kwa mtu, mimi na wewe basi."

Alhamisi walikuwa na mechi dhidi ya Coy Bend, mahasimu wetu wa miaka yote, na Jarvell alikuwa ameahidiwa kuanza kwa mara ya kwanza.

Jumatano asubuhi, ndani ya gari, Jarvell alijikinga macho kwa kiganja kila gari lililokuja mbele lilipowamulika kwa taa. Akauliza leo ni siku gani. Baada ya maili moja akauliza tena. Walipofika shuleni Mjomba alimpeleka moja kwa moja maktaba, akamweka mbele ya kompyuta.

Mashine ikatoa jibu: maneno matano. Sawasawa na Agosti. Yuko salama.

"Safi!" Kocha Tidmore alipiga makofi. "Mtoto mzima kabisa huyo."

Mjomba alitazama ile namba kwa muda mrefu. Mtoto huyu alikijua kitabu kizima cha mbinu za kocha kwa kichwa. Kanisani alisoma zaburi ndefu bila kufungua Biblia. Maneno matano?

Alhamisi mchana, wachezaji walipokuwa wakivaa, Mjomba Cleophus aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akaichukua helmeti ya Jarvell, akaibana kwapani. Kila mtu pale alielewa maana yake. Bila helmeti mwamuzi hakuruhusu kuingia uwanjani. Watabibu huichukua kwa sababu wanawajua wachezaji: ukimwambia mchezaji akae, ukigeuza shingo tu, kesharudi mchezoni.

"Cleo, rudisha hiyo," kocha alisema.

"Siirudishi."

"Mashine imesema yuko sawa!"

"Mashine imedanganywa, Kocha. Na wewe unajua nani aliwafundisha."

Kocha akawa mwekundu mpaka masikioni. "Una ushahidi? Sheria inafuata alama. Kama huna ushahidi, mtoto anacheza, na kesho nitakuwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu kuzungumzia kazi yako."

Alisema kweli kuhusu sheria. Mjomba alimgeukia Jarvell, akapiga goti lake zima sakafuni ili macho yao yawe sawa.

"Jarvell, nisikilize. Ubongo ukishatikiswa, ukagongwa tena kabla haujapona, unaweza kuvimba. Kuna watoto waliingia uwanjani wakitembea, wakatoka wakiwa maiti. Nakuuliza mara moja. Agosti ulifeli makusudi?"

Wavulana wote walikodoa macho. Jarvell alimtazama Rodarius, akamtazama kocha.

"Hapana, Mjomba."

"Umesikia mwenyewe," kocha alisema.

Mjomba hakuinuka. Hasira ilimpanda, lakini hakumkasirikia mtoto.

"Siku zetu hapakuwa na kompyuta. Ukigongwa, daktari wa chuo alikuonyesha vidole, anauliza vingapi. Vilikuwa viwili siku zote. Kila mchezaji alijua. Mimi nilijibu 'viwili' nikiwa nimefumba macho, wakanigonga mgongoni, wakanirudisha. Ile mbio ya fainali ambayo mji mzima unanisimulia, Jarvell, mimi siikumbuki. Sikumbuki hata yadi moja. Nimeitazama kwenye video kama unavyomtazama mtu baki. Siku tamu kuliko zote maishani mwangu waliiona watu elfu themanini. Mimi sikuwepo."

Jarvell alikuwa amesikia habari za mbio ile tangu akiwa ananyonya. Siku zote alidhani ni unyenyekevu uliomfanya mjomba wake asiisimulie. Alijaribu kulikumbuka lile goli alilofunga mwenyewe wiki iliyopita, akaliona. Akajaribu kukumbuka jana alikula nini. Hakuona kitu. Machozi yakamtoka.

"Nilifeli makusudi," alisema. "Niliyakumbuka yote, Mjomba. Na Jumanne nilitapika."

"Mwongo! Anaogopa Coy Bend!" kocha alifoka.

"Haogopi." Rodarius alikuwa amesimama. Alivua helmeti yake, akaiweka sakafuni mbele ya mtabibu. "Mimi ndiye niliyemwambia afeli. Na mimi nilifeli. Na nilimwona akitapika, nikanyamaza." Kisha mwingine akaweka yake, na mwingine, mpaka zikafika saba.

Mwalimu mkuu, Bibi Ottoline Crews, aliitwa. Alisikiliza wavulana mmoja mmoja, kocha akiambiwa angoje nje. Kisha akatoa uamuzi wake: Jarvell atapelekwa kwa daktari kesho na hachezi mpaka daktari aruhusu, timu nzima itapimwa upya Jumatatu, kocha hatakanyaga kwenye chumba cha upimaji, na bodi ya shule itaelezwa habari yake yote kwa maandishi. "Na neno la mwisho kuhusu afya za watoto hawa," alisema, "ni la Bwana Yarbrough. Asiyependa aje kwangu."

Mechi ilichezwa na waliobaki, maana wale saba, Rodarius akiwemo, walikaa benchi wangoje kupimwa upya. Tulipigwa vibaya. Jarvell aliketi kwenye benchi amevaa suruali ya jinzi, na kila Coy Bend walipofunga, jukwaa lilimlaumu yeye. Bwana Hoyt Grissom, mwenye duka la matairi, alijikohoza, akapaza sauti.

"Cleo! Wewe ulicheza goti likiwa limevunjika! Watoto wa siku hizi waoga kama vifaranga!"

Watu wakacheka. Mjomba aliweka ndoo ya maji chini, akachechemea mpaka kwenye uzio.

"Nilicheza, Hoyt. Na wewe ulishangilia. Halafu ulikuja lini kuniona?"

"Ah, Cleo, utani tu bwana..."

"Lini? Nimepasuliwa mara tatu. Nimetundika kuku miaka kumi na mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwako. Taja siku moja tu."

Bwana Grissom aliinamia mfuko wake wa karanga. Jukwaa lote likawa na shughuli ya kutazama viatu.

Mjomba alirudi, akaketi kando ya Jarvell.

"Umeona? Wanaokupigia makofi, mchezo ukiisha, wanakwenda kula. Kichwa unarudi nacho wewe peke yako. Kwa hiyo ukiumia, sema. Ukiulizwa, jibu kweli, hata kocha akinuna, hata mji wote ukinuna. Uongo wako wa Agosti haukuidanganya mashine tu. Uliufunga mdomo wa kitu pekee ambacho kingekutetea."

Taa za uwanja zilimchoma Jarvell macho.

"Mjomba."

"Naam."

"Kichwa kinaniuma. Sana. Tangu Jumanne hakijaacha."

Mjomba alisimama palepale, akamkabidhi Rodarius mfuko wa plasta, akamshika mpwa wake mkono. Walipita mbele ya jukwaa zima mchezo ukiendelea, mmoja akichechemea, mwingine amejikinga macho, wakaenda kwa daktari.