Chuma Nilichokipaka Rangi ya Kucha

Nina miaka arobaini na tisa. Ni fundi wa motoka, ninakaa Hewa Bora hapa Lubumbashi, nina bibi mmoja, yaani mke, na binti mmoja… na kuna chuma kimoja ninachokitafuta mpaka majirani wameanza kusema kichwa changu kimeharibika. Waseme. Ninyi wasomaji wenzangu nisomeni mpaka mwisho, kwa sababu hicho chuma kinaweza kuwa ndani ya motoka yenu wenyewe.

Mimi si mtu wa maneno matamu. Nina hasira za karibu, na kila mtu wa mtaa anajua. Rafiki yangu Donat, dereva wa teksi na parain wa binti yangu Bea, yaani baba yake wa ubatizo, alikuwa akinitania kwamba hata injini zinawaka kwangu kwa woga tu. Nilicheka. Leo ningetoa nini ili anitanie tena hivyo?

Kazi yangu ni kugeuza usukani. Motoka nyingi zinatufikia kutoka Japani kwa njia ya Zambia, usukani ukiwa upande wa kuume, na barabara zetu zinataka uwe kushoto. Basi ninafungua dashibodi, ninafungua usukani, ninafungua na kremayere, yaani kile chuma kirefu cha chini kinachopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Ninafunga vya kushoto, mteja anaondoka. Vile vya kuume vinabaki kwangu.

Vilibaki, vikabaki, mpaka uani kwetu bibi yangu akakosa mahali pa kuanika nguo. Wengi humwita Mama Bea, nami nitamwita hivyo hivyo. Mama Bea alinigombeza kila Jumamosi juu ya vyuma hivyo, nami nilimjibu kwamba ndivyo vinavyomlisha. Ilikuwa nyumba ya kelele, lakini ilikuwa nyumba.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Vyuma vizuri niliviegemeza ukutani. Vibovu nilivipaka verni, ile rangi nyekundu ya kucha ya Mama Bea, kwa sababu inakauka haraka na inaonekana kwa mbali. Chenye nyekundu kimekufa, kinangoja watu wa mitraille wanaonunua chuma kwa uzito ili kikayeyushwe. Nilipaka mahali pawili: juu, na tena chini ya ule mpira uliokunjwakunjwa kwenye ncha ya kushoto ya kremayere, kwa sababu mafuta ya motoka hufuta kila kitu cha juu.

Kwa nini sikuvivunja? Nimejiuliza sana. Watu wa mitraille hawajali kizima wala kilichovunjika, kwao uzito ni uzito. Nyundo ilikuwa pale pale. Niliona rangi inatosha.

Trésor ni mdogo wa bibi yangu. Alikuja kwetu mama yao alipofariki, akiwa bado anavaa kaptula za shule, akakulia mezani kwangu. Nilimfundisha kushika ufunguo wa fundi, nikamfundisha na kunyoa ndevu. Niliposikia watu wakimwita mtoto wangu, sikuwasahihisha.

Ni yeye aliyeleta habari ya mnada. Alinikuta nimekaa juu ya dashibodi nikinywa chai, akaanza.

"Shemeki, hii bintu yote inaoza bure hapa. Kule Zambia bo banaendesha na usukani ya kuume. Banaitafuta. Tuiuzishe mu téléphone."

Nikamuuliza nani atanunua chuma bila kukishika.

"Bataona photo. Kila mutu anaandika bei yake, mwenye kupita benzake njo anabeba. Jumapili, kisha misa."

Na kweli, ikawa hivyo. Alifungua kundi kwenye simu. Kila Jumapili mchana aliweka picha ya kitu kimoja kimoja juu ya boneti safi, watu wakaandika bei, na muda ukiisha aliweka picha ndogo ya kufuli. Kufuli likiingia, mnada umefungwa, aliyetoa bei ya juu amepata. Vitu vikaanza kuvuka mpaka. Dashibodi niliyoilalia mwaka mzima ilikwenda na mfanyabiashara wa Kipushi, pale mpakani, akaniletea na soda siku ya kuichukua!

Uani kukawa na nafasi. Mama Bea akafunga tena kamba yake ya nguo, akaimba. Mimi nikajisifu kwa Donat kwamba shemeki wangu ana akili. Mnaona jinsi mtu anavyofurahia kisu kinachonolewa kwa ajili yake?

Nilimwonya, hilo nalisema mbele ya Mungu. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kona ya vyekundu.

"Ile yenye iko na verni, usiiguse. Ile ni ya mitraille."

"Nimesikia, shemeki," akasema. "Mi niko mutoto?"

Kisha nikapata kazi Kipushi. Tajiri mmoja aliingiza motoka nyingi, akataka zote zigeuzwe pale pale kwenye uwanja wake. Nikaenda, nikakaa huko majuma mengi, nikimwachia Trésor ua wote. Nilikuwa nikipiga simu, naye kila mara alijibu kwamba mambo iko muzuri.

Hayakuwa mazuri. Vyuma vizuri vya ukutani vilikwisha, na watu wa kundi walikuwa wanamwuliza kila Jumapili leo una nini. Alikuwa amekuwa mtu mkubwa kwenye ile simu, wanamwita patron, yaani bosi. Je, patron ataweka picha ya nini kama ukuta ni mtupu? Akageuka, akatazama kona.

Akamwomba dada yake disolva, yale maji ya kutolea verni kwenye kucha. Mama Bea akampa kichupa, akaendelea na kuosha mboga. Trésor akafuta nyekundu yote ya juu, akasugua chuma kwa petroli mpaka kikang'aa. Chini ya mpira hakufika, kwa sababu hakujua kwamba huko nako napaka.

Kati ya vyuma hivyo kulikuwa na kremayere moja yenye ufa kwenye sikio, pale inaposhikwa na bulon, yaani boliti, chini ya motoka. Ufa mwembamba kama unywele. Niliugundua kwa ukucha, si kwa macho. Trésor akaipiga picha ikiwa inameta, akaandika: kutoka kwa Baba Bea, fundi wa Hewa Bora.

Na Donat akainunua… Donat wangu!

Teksi yake ilikuwa bado ya usukani wa kuume, na kremayere yake ilikuwa imeanza kulegea. Mjane wake aliniambia baadaye jinsi alivyofurahi siku hiyo. Alisema hana haja ya kuikagua, kama imetoka kwangu imetoka kwangu. Akaenda kuifungisha kwa fundi mwingine, maana mimi nilikuwa Kipushi. Yule fundi aliona chuma kinachong'aa chenye jina langu, akafunga bulon. Ningekuwa yeye, labda na mimi ningefunga.

Bea alikuwa amemaliza shule, anataka kuanza biashara ndogo ya samaki wakati akingoja kujua atasomea nini. Donat alikuwa anaenda Kasomeno kuchukua mizigo ya watu, akamwambia binti yake wa ubatizo apande, atamwonyesha mahali pa samaki wazuri wa Kasenga. Mama Bea aliwafungia bukari, ule ugali wetu, na kuku wa kula njiani. Aliniambia kwenye simu kwamba wametoka wakicheka.

Mbele kidogo ya Kasomeno kuna kona. Bea anasema Donat aligeuza usukani, usukani ukazunguka, motoka haikuzunguka. Anasema parain wake alisema neno moja tu, jina lake, "Bea," kisha akanyoosha mkono mbele ya kifua chake kumzuia asirushwe.

Donat alifia pale barabarani. Bea walimtoa akiwa hai. Mguu wake wa kushoto madaktari walijaribu kuuokoa, wakashindwa, wakaukata juu ya goti. Niliusaini huo ukataji mimi mwenyewe, kwa mkono huu uliopaka verni. Nilikuwa sijajua bado.

Nilijua siku walipovuta ile teksi mpaka mjini. Nikaenda kuiona kama fundi, nitafute kilichomuua rafiki yangu. Nikaingia chini, nikaona kremayere imening'inia, sikio limekatika. Nikakunja ule mpira wa upande wa kushoto… nyekundu. Nyekundu ya Mama Bea, imekauka vizuri, kama nilivyoipaka.

Nililia chini ya ile motoka. Mtu wa miaka yangu, amelala kwenye vumbi, analia. Kisha nikashika ufunguo nikataka kuing'oa nikaivunje. Mdogo wake Donat akanivuta miguu.

"Toka hapo. Usiguse kitu ya kaka yangu. Piesi yako njo imemuua."

Alikuwa amesema kweli.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Trésor anakula. Nilimwambia nilichokiona. Kwanza alikana. Kisha akasukuma sahani, akanitazama machoni na kusema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha.

"Shemeki, mufundi mwenye aliifunga alipashwa kuiangalia. Mi niliuza tu."

Mimi mwenye hasira za karibu, siku ile hasira haikuja. Mama Bea alisimama mlangoni, mkono mdomoni. "Baba Bea," akasema, "aliniomba disolva, nikamupa. Njo tu ile. Sikuuliza." Trésor akachukua begi lake mchana huo huo. Tulisikia amepita Kipushi, amevuka.

Nilikwenda kwenye kilio cha Donat, nikafukuzwa mbele ya padri. Wateja wakaacha kuja. Nani atamletea usukani wake mtu kama mimi? Bea alirudi kutoka hospitali, akakaa kwenye kiti uani, mahali palepale palipokuwa na ile kona. Hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize. Mama Bea alitupa verni zake zote, na mpaka leo hatuwezi kukaa wawili mezani bila mmoja wetu kusimama na kwenda nje.

Lakini ile kremayere haijaisha.

Familia ya Donat iliuza ile motoka kwa watu wa piesi, wanaouza vipuri, wapate kitu cha kumlea mjane. Siwalaumu. Nilituma mtu anunue ile kremayere tu, wakajua ametoka kwangu, wakakataa. Ikapotea machoni pangu.

Simu ya Mama Bea ilikuwa bado kwenye lile kundi la mnada. Tulibaki humo kimya, tukingoja tu kuona kama Trésor yuko hai na yuko wapi. Kila Jumapili niliangalia picha. Na Jumapili moja, baada ya misa… ikatokea.

Niliijua mara moja. Kwenye bomba lake dogo la mafuta kuna kovu la koleo langu, niliteleza siku ile naifungua. Lile sikio lililokatika wamelirudishia kwa kuchomelea, wamepiga rangi ya fedha. Chini imeandikwa kwamba haijawahi kuguswa na fundi.

Nikaandika bei. Mtu wa Zambia akanipita. Nikaandika tena, akanipita. Mama Bea alisimama nyuma yangu akasema, "Ongeza." Nikaongeza mpaka bei ambayo hata ningeuza nyumba nisingeipata, na yule mtu akanipita bado, na mwingine wa hapa mjini akaingia. Nikaacha bei, nikaandika ukweli: hii imeua mtu njia ya Kasomeno, imekata mguu wa mtoto wangu, chini ya mpira kuna verni nyekundu, angalieni.

Ujumbe ukafutwa. Kufuli likaingia. Simu ikasema tumetolewa kwenye kundi.

Kisha ikaja sauti kwa Mama Bea peke yake, sauti tuliyoilea. "Yaya, dada yangu, mwambie shemeki aniache. Kila mara ananiharibia jina. Na mi niko natafuta maisha."

Mama Bea aliisikiliza akiwa amesimama. Akamwita Bea aje na magongo yake, akampiga picha nzima, mguu na pasipo na mguu, akamtumia mdogo wake, akamwambia kwa sauti: "Trésor, haya njo maisha yenye ulitafuta. Sema tu ni nani aliinunua." Tukangoja. Akaifunga namba yetu. Mpaka leo sijui ni nani aliibeba.

Wasomaji wenzangu, mafundi wenzangu, msiamini rangi. Chuma kikifa mikononi mwako, kiue kabisa kabla hakijatoka kwako: shika nyundo, kata masikio, pinda, haribu, hata kama watu wa mitraille wanakuja kesho. Nami sasa ndivyo ninavyofanya, na Bea kwenye kiti chake anasikia kila pigo. Na ninyi mnaonunua kwenye simu, jina la fundi mnayemwamini chini ya picha si macho yake. Mpigieni, mmuulize kwa mdomo.

Lakini leo nimeandika hasa kwa ajili yako mmoja. Sikujui. Labda uko Kipushi, labda umevuka, labda unabeba watoto wako shuleni asubuhi. Ulinunua kremayere ya usukani wa kuume kwenye mnada wa Jumapili, ina sikio la rangi ya fedha na bomba lenye kovu. Tafadhali. Simamisha motoka, ingia chini, shika ule mpira wa upande wa kushoto. Ukunje polepole, uangalie.