Shangazi wa Msimu wa Mwisho

Jua lilikuwa linazama nilipobisha mlangoni kwa Bi Mkubwa kuchukua gauni.

Kazi yangu ilikuwa kupamba waigizaji na kutunza mavazi yao. Kwa misimu minane Bi Mkubwa alikuwa ameigiza Shangazi, yule mwanamke katili wa tamthilia yetu, hadi watoto wa mtaani wakimwona wanakimbia. Msimu wa tisa ndio ulikuwa wa mwisho, na mwandishi alitaka Shangazi anyongwe na mtoto wa kaka yake. Bi Mkubwa akagoma. Aliombwa mara tatu, akakataa mara tatu, sababu hakutoa. Mwongozaji akachoka naye, akatafuta sura mpya.

"Watazamaji watanuna sehemu mbili," alisema. "Ya tatu watakuwa wameshazoea."

Sura mpya ilikuwa ya mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyempigia debe. Kwa miaka minne alikuwa akiigiza wapita njia na maiti, na sasa kwa mara ya kwanza alipewa mtu mwenye jina.

Bi Mkubwa alifungua mlango nusu. Gauni la kijani lilikuwa limeshakunjwa ndani ya mfuko. Harufu ya kucha zilizoungua ikanipiga puani.

"Nani atalivaa?" alinong'ona.

"Mdogo wangu, Bi Mkubwa."

Nyuma yake, gizani, kitu kilikuwa kinasaga meno... polepole... kama mtu aliye usingizini. Na Bi Mkubwa alikuwa anaishi peke yake.

"Msimu wa kwanza hata kulia sikuweza," akasema. "Nilitukanwa mbele za watu. Nikaenda kwa mganga, nikamwomba anisaidie. Akalisemea gauni hili kutwa nzima. Tangu siku hiyo sijaigiza, mwanangu. Nilikuwa nambeba."

"Ulikuwa unambeba nani?"

"Jina sikuambiwa. Niliambiwa tu kwamba alikufa kwa kunyongwa." Akanisukumia mfuko upesi, kama mtu anayetua mzigo. "Mengine yote fanyeni. Msimkabe koo."

Nilimkuta mdogo wangu nyumbani anafanya mazoezi mbele ya kioo, uso umemchangamka. Sikumwambia. Nilijua ningemwambia angejitoa siku ileile. Nikajisemea kwamba yale ni maneno ya mtu aliyenyang'anywa kazi, nikapiga pasi gauni, nikalitundika.

Wiki mbili za kwanza alishangaza kila mtu. Sauti, mwendo, jinsi ya kumtazama mtu hadi akaangalia chini, vyote vilikuwa vya Shangazi. Mwongozaji alitamba kwamba yeye ndiye aliyemwona. Usiku mdogo wangu alianza kusaga meno. Nikahamia chumba kingine.

Siku ya kunyongwa tulianza saa nne asubuhi. Mtoto wa kaka aliigizwa na kijana mmoja mpole tuliyemwita Msomi. Alimzungushia mdogo wangu mtandio shingoni, taratibu, huku akimwomba radhi.

"Inaonekana mchezo," mwongozaji alisema. "Kaza."

Msomi akakaza.

Harufu ikaja.

Kucha zilizoungua.

Nilisimama niseme. Nilikuwa nimechelewa.

Mdogo wangu alifumbua macho. Akainua mkono, akashika vidole viwili vya Msomi, akavivunja. Nilisikia vikilia kama kuni kavu. Msomi alipoinama kwa maumivu, mdogo wangu akamng'ata sikio... akalivuta... akalitema sakafuni.

"Kata," mwongozaji alisema. "Kata. Nimesema kata."

Alikwenda kumwondoa yeye mwenyewe. Mdogo wangu akamdaka nywele, akamgongesha kichwa kwenye kona ya nguzo. Mara moja. Mara mbili. Mwongozaji alikuwa mtu wa miraba minne, lakini alitikiswa kama shuka linalokung'utwa. Mara ya tatu mikono yake ikalegea.

Mdogo wangu hakuacha.

"Mtanikaba mara ngapi?" alikuwa anauliza, kwa upole, kila anapogongesha. "Mtanikaba mara ngapi?"

Wapiga picha walikuwa wameshakimbia. Nilishika pasi niliyonyooshea mavazi asubuhi ile, bado ya moto, nikampiga mdogo wangu kichwani. Aligeuka. Macho yale hayakunijua. Akaniachia tabasamu lenye damu, akanyoosha mkono kwenye koo langu.

Nikampiga tena, usoni, kwa nguvu zangu zote.

Taya likavunjika. Akaanguka.

Nilimrukia, nikaanza kulichana gauni mwilini mwake. Kitambaa kilikuwa na joto, na kilinywea chini ya kucha zangu kama ngozi. Lilipotoka, niliona shingo yake. Mtandio ulikuwa laini, haukuacha hata mchubuko. Alama zilizokuwepo ni za vidole kumi, vinene, vya mtu ambaye hakuwemo chumbani.

Mwongozaji alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Msomi alipona, ila sasa ukimsemesha anageuza kichwa upande mmoja. Polisi waliondoka na gauni ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ukafika kituoni mtupu. Sehemu ya mwisho ya tamthilia haikurushwa. Nilipokwenda kumtafuta Bi Mkubwa alikuwa ameshahama. Jirani yake aliniambia kwamba wiki zake za mwisho pale alikuwa amenenepa, na analala hadi saa tatu asubuhi.

Mahakama ilimpeleka mdogo wangu hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila Alhamisi naenda kumchana nywele. Kwa miezi mitatu taya lilikuwa limefungwa kwa waya, hawezi kusema, nami nilikuwa nashukuru kimoyomoyo.

Alhamisi iliyopita waya ulikuwa umetolewa. Nilikaa nyuma yake, nikachana taratibu, nikiepuka kovu. Muuguzi alikuwa anatandika kitanda cha jirani. Madirisha yalikuwa wazi, jua linaingia.

"Dada," akanong'ona.

"Naam, mdogo wangu."

"Uliambiwa msinikabe koo."

Kitana kikasimama. Maneno ya mlangoni kwa Bi Mkubwa sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Si polisi, si mama yetu, si mahakama.

"Uliambiwa," akasema tena, "ukaniacha nivae."

Ningetoa chochote ile iwe sauti ya Shangazi. Ilikuwa ya mdogo wangu.