Jemadari Sengondo na Mtani Wake wa Kirure

Enzi hizo utajiri wa mtu wa milimani ulipimwa kwa ng'ombe na majembe ya chuma, na habari za pwani zilifika Ughonda zikiwa zimechakaa kama nguo iliyopita mikono mingi. Ndipo wakazuka nyikani wateka-watu wa mtu aliyeitwa Lugongo, wenye magobore na minyororo. Walivamia vijiji vya bondeni kimoja baada ya kingine, kisha wakapanda hadi boma la Kirure, upande wa pili wa Mlima Ngerama, wakalizingira. Kirure na Ughonda walikuwa ndugu wa kuoleana. Kirure ikianguka, zamu ya Ughonda ilikuwa inafuata, na hilo halikuhitaji mganga wa kulibashiri.

Mama Mfalme Namkunda, aliyekalia kiti kwa niaba ya mwanawe mchanga, alimwita jemadari wake mkuu. Jemadari huyo, Sengondo, alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkavu wa maneno, na watu walinong'ona kwamba meno yake hayaonekani ila anapokula nyama. Alifika amejitanda joho la ngozi za pimbi, sime kiunoni, mkuki wa chuma cha Ughonda mkononi. Akapiga goti.

"Njia ya bondeni imefungwa," Mama Mfalme akasema. "Utapita juu ya mlima, uwaangukie kwa mgongoni. Yuko mtu amepenya kutoka bomani, naye anaijua njia. Atakuongoza."

"Nimesikia, Mama. Ni nani huyo?"

Jibu lilitoka nyuma yake, kwa sauti ya kukwaruza kama jiwe la kunolea.

"Ala! Sengondo! Kumbe bado uko hai? Sisi kule tulishagawana ng'ombe zako!"

Jemadari alifumba macho. Aliitambua sauti ile. Alikuwa Mrindoko wa Kirure, mfupi, mwembamba, kinywa kisicho na mlango. Ukoo wake na ukoo wa Sengondo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukupokonya tonge mkononi na kukikalia kigoda chako, nawe ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Sengondo aliiheshimu mila hiyo kama alivyoziheshimu mila zote. Lakini aliichukia kuliko zote.

"Mama," alisema polepole, "hakuna mwingine anayeijua njia?"

"Hakuna," akajibu Mama Mfalme, na wenye macho makali waliona mdomo wake ukitetemeka kwa kuzuia kicheko.

Waliondoka kulipopambazuka, wapiganaji waliochaguliwa mmoja mmoja, ngao mgongoni, kila mtu na mfuko wa unga wa mtama na nyama kavu. Walipita migombani, wakapita mashamba ya mwisho, wakaingia msituni. Huko njia ilikuwa jina tu. Ilikuwa mizizi iliyotandazwa juu ya tope, na tope lililotandazwa juu ya mawe, na maji yakichuruzika katikati ya yote. Ruba waliwadondokea kutoka majanini. Watu walipanda kwa kushika mashina, wakihema, na mbele yao Mrindoko alipanda akiwa amegeuka nyuma, akizungumza.

"Mtani, unahema kama fahali aliyemeza jiwe! Mnaonaje wenzangu, tumfunge kamba tumvute?"

Wapiganaji walitazama chini wasionekane wanacheka. Sengondo aliendelea kupanda. Aliweka mguu, ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena. Alikuwa ameongoza vita vingi, na katika vyote hakuna adui aliyewahi kumkera kama tope lile na mdomo ule.

Jioni ya kwanza Mrindoko alichagua pahali pa kupiga kambi, chini ya mti mkubwa, pakavu, pasafi.

"Hapa," akasema kwa mbwembwe, "hata mfalme angelala."

Walikata matawi wakajenga vibanda. Walikuwa wamebandika chungu cha uji, jua halijazama vizuri, mara mtu mmoja akaruka akipiga kelele, kisha wa pili, kisha kambi nzima ikawa inacheza ngoma isiyo na mpigaji. Siafu! Walikuwa wamejenga juu ya njia ya wadudu hao. Watu walivua nguo, wakatupa ngao, wakakimbilia kijitoni. Jemadari Sengondo, ambaye hata mkewe alimwona kwa nadra bila joho, alisimama katikati ya maji baridi akijichuna wadudu mapajani.

"Mfalme angelala hapa?" aliuliza kwa meno yaliyoumana.

"Angelala," akajibu Mrindoko, naye akijikuna. "Ila asingeamka."

Safari hii wapiganaji walicheka wazi. Sengondo alipotoka majini alikuta chungu kimepinduka, na kibuyu chake cha asali, alichokiweka kwa ajili ya baridi ya juu, kiko mikononi mwa mtani wake, kimebaki nusu.

"Haki yangu," Mrindoko akasema, akilamba kidole.

Ilikuwa haki yake kweli, na hilo ndilo lililomuuma jemadari.

Juu ya msitu waliingia mianzini. Mianzi ilikuwa imesongamana hata mkuki haukupita ukiwa umelazwa, na ukungu uliingia kati yake kama moshi wa kuni mbichi. Mrindoko alikata kushoto, akakata kulia, akasimulia habari ya mjomba wake aliyeoa wake wawili wenye jina moja. Walitembea tangu asubuhi. Jua lilipopinduka walitokea kwenye uwazi mdogo, na katikati yake palikuwa na majivu ya moto. Mpiganaji mmoja akainama, akagusa. Yalikuwa bado na joto. Yalikuwa majivu yao wenyewe, ya moto waliouota asubuhi.

Hata Mrindoko alisita kidogo.

"Angalau," alisema mwishowe, "sasa tuna hakika kwamba huku siko."

Sengondo alikaa juu ya jiwe akashika kichwa kwa mikono miwili. Akawawazia watu wa Kirure, walioachwa na kisima kimoja kilichobaki matope. Akamwazia Lugongo akingoja tu, maana njaa na kiu vilimfanyia kazi bila malipo. Naye yuko hapa, katika mianzi, na mpumbavu. Akasimama, akasema kwa utulivu uliowatisha watu wake, "Ongoza."

Safari hii Mrindoko alipanda juu ya mabega ya watu wawili, akatazama juu ya ukungu, akaona kilele. Kabla ya jua kuzama walitoka mianzini.

Huko juu ilikuwa dunia nyingine. Hapakuwa na miti, ila vichuguu vya majani makavu na mawe meusi, na upepo usio na huruma. Mifupa iliuma. Watu waliozaliwa katika joto la mabonde walijikunyata nyuma ya ngao zao, midomo imepauka. Kuni zilikuwa vijiti vya kuhesabika. Waliwasha moto mdogo uliotoa moshi kuliko joto. Naye Mrindoko alikuwa anaendelea. Alimwuliza jemadari kama pua yake imeganda au ndivyo ilivyoumbwa. Akawauliza wapiganaji kama wanajua kwa nini watu wa Ughonda huzikwa wamesimama. Akaanza kusema habari ya mjomba yule tena.

Ndipo uzi ukakatika.

"Nyamaza!" Sengondo alisimama, joho likipepea. "Wewe mtu una moyo wa namna gani? Mkeo yumo bomani! Wanao wanakunywa matope! Nawe mdomo wako unatembea mchana kutwa kama kinu cha mlevi! Huna hata haya?"

Watu waligeuza nyuso. Jemadari alikuwa amemkasirikia mtani wake hadharani, jambo ambalo mzee wa heshima halifanyi. Mrindoko alitazama moto. Kwa mara ya kwanza tangu Ughonda, alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno yake yote.

"Nikinyamaza, mtani," alisema hatimaye kwa sauti ndogo, "nawasikia wakilia. Nawasikia kabisa, kama vile wako nyuma ya jiwe hilo. Kwa hiyo naomba unisaidie. Nitukane. Nikasirikie kwa sauti. Usiniache na kimya hiki."

Upepo ulivuma. Sengondo alikaa. Alitafuta neno, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya maneno, alichelewa kulipata.

"Mjomba wako," alisema mwishowe, kwa shida, "aliwaitaje wake zake?"

Mrindoko akainua uso. Kisha akasimulia, tangu mwanzo, na habari ilikuwa ndefu, tena ya kipuuzi kupita kiasi, na jemadari aliisikiliza yote akiwa amekunja uso. Kila ilipokaribia kwisha, aliuliza swali.

Kesho yake, kabla ya kupambazuka, walivuka mgongo wa mlima, wakashuka upande wa Kirure wamefunikwa na ukungu. Walisikia mbwa wa kambi ya Lugongo kabla ya kuwaona watu. Sengondo alipanga wapiganaji wake kwa ishara za mkono. Asubuhi ilipokuwa imekomaa, waliwaangukia wateka-watu kwa mgongoni wakiwa wanakula.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mikuki ya Ughonda ilifanya kazi yake, na magobore mengi yalikuwa yameegeshwa, baruti imelowa kwa unyevu wa ukungu. Lakini Lugongo hakuwa mtoto. Aliwakusanya watu wake kati ya boma na washambuliaji, na wale waliokuwa na baruti kavu wakaanza kufyatua. Watu wa Ughonda walirudi hatua, wakarudi tena. Ilibidi lango la Kirure lifunguliwe, waliomo ndani watoke, adui abanwe pande mbili.

"Fungueni!" Sengondo alinguruma. "Ni Ughonda! Fungueni!"

Jibu lilikuwa mishale, ikaanguka kwa adui na kwa rafiki bila kuchagua. Mrindoko alimkamata mkono.

"Hawatafungua, mtani. Mwezi uliopita Lugongo aliwaita kwa jina hilohilo. Waliofungua siku ile hawako tena."

"Basi tufanyeje?"

Mrindoko alitazama mwamba uliosimama mkabala na lango, uchi, bila kichaka. Kisha akakimbia. Aliupanda kama nyani, akasimama juu yake mbele ya macho ya watu wote, akaweka mikono kinywani.

"Kiondo!" aliita, na sauti yake ya kukwaruza ikapasua ukungu. "Kiondo mla viporo! Shemeji wa aibu! Wewe ndiye bawabu? Na nani kakupa lango, nawe nyumbani mwako hata kuku hukufungia nje? Fungua, kichwa cha kata! Au unangoja dada yangu akushike sikio?"

Ndani ya boma pakawa kimya. Kisha, jambo lililowashangaza wateka-watu kuliko mikuki, kikasikika kicheko. Kilianza kwa mtu mmoja kikaenea ukutani mwote, kicheko cha watu wenye koo zilizokauka.

"Ni Mrindoko!" mtu akapiga kelele. "Hakuna mwingine duniani! Fungueni!"

Magogo ya lango yakaondolewa. Watu wa Kirure walimwagika nje, waliokonda, wenye macho makubwa, wakipiga kelele kama waliofufuka. Lugongo alibanwa pande mbili, na kabla ya adhuhuri hapakuwa tena na mzingiro. Waliosalia walitupa magobore wakatimkia nyikani, na minyororo waliyoileta ikabaki chini kwa mafundi wa chuma.

Lakini juu ya mwamba Mrindoko alikuwa amelala chali. Risasi ilimpata lango likiwa ndiyo kwanza linafunguka.

Watu walikusanyika chini ya mwamba. Mkewe, Nasemba, alikuja na watoto. Hakuna aliyelia, maana mila haikuruhusu bado. Mzee wa ukoo alimwendea Sengondo.

"Jemadari, mila unaijua. Mtani hajasema, maiti haiinuki."

Sengondo alikuwa na damu hadi viwikoni. Hakuwahi kutania mtu maishani mwake. Alipanda mwamba kwa taabu, akasimama karibu na mtani wake. Alipoanza, sauti yake ilikuwa ileile ya hasira.

"Umekufa juu ya mwamba," alisema. "Mwamba! Bonde lote hili lina udongo laini, nawe umechagua kufia mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa kuomba radhi. Nani akubebe kushuka? Mimi, na magoti haya?"

Mtu mmoja chini akacheka kwa pua. Sengondo akaendelea, hasira ikipanda.

"Umenilia asali yangu. Umenilaza juu ya siafu. Umenizungusha mianzini kama punda wa kinu. Nimekuomba mlima mzima ukae kimya, mlima mzima! Hukusikia hata mara moja."

Watu walikuwa wanacheka sasa, hata Nasemba, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Jemadari aliinama, akamshika mtani wake mabegani.

"Basi leo," alisema, "nani kakuambia unyamaze?"

Kicheko kilikatika. Nasemba akapiga yowe, na Kirure nzima ikampokea.

Sengondo alimbeba kushuka yeye mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, akinung'unika kila hatua. Akachimba kaburi kwa mikono yake, kama impasavyo mtani.

Wazee wa Ughonda husimulia vita hivyo kama ushindi wa jemadari wao. Wa Kirure husimulia matusi ya mwambani, na hadi leo wanabishana yalikuwa yapi hasa, maana kila ukoo una yake, na mengine hayasemeki mbele ya watoto. Wote wanakubaliana kwamba Sengondo alirudi kwa njia ileile ya mlimani, akafika mbele ya Mama Mfalme, akapiga goti, akatoa habari kwa ufupi, kama desturi yake: boma limeokoka, adui amekimbia, waliokufa ni hawa na hawa.

"Na mtani wako?" Mama Mfalme akauliza. "Alikuongoza vema?"

Jemadari aliinamisha kichwa.

"Alinichosha, Mama," alisema. Akajaribu kuongeza neno, akashindwa, akaomba ruhusa ya kutoka.