Sufuria za Kihoto

Mambo yalianza na chai. Adero aliipika kama siku zote, maziwa ya Subukia, majani yaleyale, lakini ikanuka tope la ziwa. Akaimwaga, akapika nyingine. Ikanuka vilevile. Bintiye Valarie, mtoto wa miaka sita, akainywa yote, akasema ni tamu.

"Maji ya mtungi yameoza," Adero alijiambia. Uongo mtupu, na yeye mwenyewe alijua.

Wiki mbili kabla, ziwa Naivasha lilipofura na kuingia mtaa wa Kihoto, kuna mtu aliyeachwa huko chini. Nakhumicha, mama wa kufulia watu nguo, mguu wake mmoja mbovu, chumba chake cha mwisho kabisa upande wa maji. Siku hiyo boti zote zilikimbilia hoteli ya ng'ambo, ambako wageni wa harusi walizingirwa na maji kwa saa mbili nzima, maskini, wao na keki yao. Televisheni ikawaonyesha mpaka wakafunikwa mablanketi. Hata mbwa wa hoteli alipanda boti. Kihoto nani aliiuliza?

Jioni ikatoka sauti majini: "Mama Valarie, niko huku."

Adero, ambaye kwao ni Siaya, alitoka na sufuria na mwiko. "Hao ni nyawawa," akawaambia majirani wa ploti yao, vyumba vya kupanga ambako maji hayakufika. "Pepo wanaopita wakienda ziwani. Ukiwajibu wanakubeba. Pigeni, waende!" Ploti nzima ikapiga, hata Wangare na Chemutai, ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. Kelele zikaifunika sauti, watu wakaingia ndani, wakalala. Maiti ya Nakhumicha ilipatikana siku ya tatu.

Na Adero alikuwa ameitambua ile sauti. Hilo ndilo lililomtafuna. Aliitambua, akaogopa maji, akaogopa zaidi kuombwa mahali pa kulala katika kile chumba chake kimoja, na mkono ukaenda kwa sufuria.

Sasa kila jioni ukuta ulitoa jasho, harufu ya tope ikapanda, na nje kukasikika mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburutwa, polepole, hadi mlangoni. Akamwita mzee Ogada, mwombezi wa kanisani kwao. Mzee alinusa hewa, akakataa kuingia.

"Hilo jini mimi silifukuzi, mama. Lilishafukuzwa."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Liitikie. Halafu useme ukweli mbele ya wale mliopiga nao sufuria."

"Mbele ya watu?" Adero alinong'ona. "Si wataniona mnyama?"

Mzee akashika njia akaenda zake. Adero akaapa kwamba atasema kesho.

Kesho ilikuwa mbali. Jioni hiyohiyo aligeuka kuchukua chumvi, na alipogeuka tena mlango ulikuwa wazi, sakafu imelowa, na Valarie hayupo. Akasikia mtoto anacheka huko chini kwenye maji, akakimbia, akapita vyumba vilivyohamwa, akaingia ziwani magoti, kiuno, kifua, mpaka akamkuta amesimama juu ya ukuta uliozama, mkono wake umenyooka kama aliyeshikwa na mtu, akamnyakua, akamweka begani, na alipotaka kurudi tope likaikamata miguu yake miwili na halikuiachia, akivuta linavuta, akitulia anazama.

"Wangare!" aliita. "Chemutai! Ni mimi, Adero! Niko na mtoto!"

Taa ya Wangare ikawaka. Mlango ukafunguka kidogo. Juu ya maji sauti husafiri vizuri, na Adero alisikia kila neno.

"Mama, ni nani anaita?" mtoto wa Wangare aliuliza.

"Si mtu huyo. Usimjibu, atakubeba. Nipatie sufuria."

Adero akapiga mayowe. Akataja jina la kila jirani, akasema yote aliyoapa kuyasema kesho, kwamba wale hawakuwa nyawawa, kwamba alijua, kwamba wamwokoe mtoto tu, na kila alivyozidi kulia ndivyo ploti ilivyozidi kupiga, chumba baada ya chumba, mpaka hata yeye hakuisikia tena sauti yake mwenyewe.

Maji yakamfika shingoni. Kando ya sikio lake mtu akapumua.

"Usichoke, Mama Valarie," sauti ikasema kwa upole. "Mimi niliita mpaka asubuhi."

Na huko juu Wangare, aliyefundishwa vizuri, akazidi kupiga.